Kuku Mwenye Mkoba na Wenzake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Sanamu za Raku

Wanaofika karakanani huuliza yaleyale, na wanaopiga simu huuliza hayohayo kwa haraka zaidi. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa sentensi mbili tatu kwa kuwa hayana zaidi ya hapo, na mengine nimejiachia kidogo.

Raku ni nini hasa?

Ni namna ya kuchoma udongo. Kwa kawaida mfinyanzi hupanga vyombo tanurini, huwasha moto, kisha hungoja siku nzima au zaidi mpaka tanuri lipoe lenyewe ndipo afungue. Kwenye raku hakuna kungoja. Kitu kikifika joto la nyuzi 950 hadi 1,000 hivi za Selsiasi na glezi yake ikawa imeyeyuka, hutolewa kwa koleo kingali kinawaka na kutiwa kwenye pipa lenye maranda. Maranda yanashika moto, pipa linafunikwa, na moshi unamalizia kazi. Glezi ni ule mpako wa madini yaliyosagwa unaoyeyuka na kuwa kioo juu ya udongo. Nitalitaja sana neno hilo.

Mbona sanamu zako zinachekesha? Ufinyanzi si kazi ya vyungu?

Vyungu nilivifanya, na bado navipenda. Lakini naishi Nairobi, na Nairobi kuna marabu, wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia kooni, wanaokaa juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo wakiwatazama watu waliokwama kwenye foleni. Ukishawatazama vizuri huwezi tena kuwaona kama ndege tu. Wale ni wazee wa kamati. Mimi nilichoongeza ni daftari la kumbukumbu za mkutano kwapani.

Baada ya hapo walifuata wengine: mbuzi abiria wa bodaboda aliyemkumbatia dereva kwa hofu, punda anayesoma gazeti huku mkokoteni ukimngoja, kiboko kwenye kigoda kidogo mno, na kuku mwenye mkoba ambaye ndiye anayeagizwa kuliko wote.

Kuhusu kuchekesha kwenyewe nina msimamo. Kichekesho cha udongo hakiko mdomoni. Anayeanza kazi hii humpa kila mnyama tabasamu na macho makubwa, halafu anashangaa hakuna anayecheka. Sanamu inayojicheka haimwachii mtazamaji chochote cha kufanya. Kuku wangu hana habari kwamba anachekesha. Shingo ameinyoosha, mkoba ameubana chini ya bawa, kifua mbele, na anakwenda benki kuuliza kwa nini wamemkata makato yale. Kazi yote iko kwenye mkao, na hasa kwenye uzito: mguu upi umebeba mwili, bega lipi limeshuka. Mdomo huwa nauweka mwisho kabisa, tena umefungwa.

Basi kwa nini raku? Glezi ya kawaida haitoshi?

Nikimpaka kuku yule glezi safi inayong'aa, anakuwa pambo la dukani. Mtu atasema "kazuri", ataendelea na safari. Raku inamtandazia nyufa nyembamba nyeusi uso mzima, na palepale anakuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyeona vioja vyote vya dunia na hakuvicheka hata kimoja. Nyufa zinampa umri, umri unampa heshima, na heshima ile juu ya kuku ndiyo inayowaangusha watu kwa kicheko. Ndiyo sababu yangu pekee. Mengine watu wanayosema kuhusu raku, moto wa ajabu, usiku, cheche, ni mazuri kutazama lakini hayawezi kuokoa sanamu yenye mkao mbovu.

Siku ya kuchoma inakuwaje?

Kila sanamu huwa imeshachomwa mara moja kwa utaratibu, polepole, ili iwe ngumu kiasi cha kushikika lakini ibaki na vinyweleo vya kunywa glezi. Nikishaipaka glezi naiacha ikauke kabisa, mara nyingine naiweka juu ya kifuniko cha tanuri ipate joto. Maji yaliyojificha ndani ndiyo adui. Yakigeuka mvuke kwa ghafla yanarusha kipande cha udongo kama risasi. Watu wengi hulaumu hewa iliyonaswa ndani, lakini hewa peke yake haina ugomvi na mtu. Unyevu ndio wenye makosa.

Tanuri langu ni pipa la lita 200 lililokatwa na mafundi wa jua kali, ndani limefunikwa blanketi la nyuzi za kauri, chini lina tundu la kichomeo cha gesi na juu tundu la kutolea moto. Mchomo wa kwanza wa siku huchukua kama saa moja, inayofuata hupungua kwa kuwa tanuri limeshapata moto. Mtungi wa gesi ukivutwa kwa nguvu hupoa, unatoka jasho, kisha unafanya ganda jeupe la barafu, na presha inaanguka wakati ule hasa unaoihitaji. Tunauweka kwenye karai la maji ya uvuguvugu.

Kipimajoto kipo, ila macho ndiyo yanayoamua. Kwenye tundu la juu utaona glezi kwanza ikivimba na kutoa mapovu, uso umejaa vipele, mtu mgeni anadhani imeharibika. Kisha vipele vinatulia kimoja kimoja, na uso unakuwa laini, umelowa, unaakisi miali. Hapo tunazima gesi, mmoja anainua tanuri, mwingine anaingia na koleo.

Sasa ni sekunde. Nikimtoa kuku namshikilia kidogo hewani, na glezi inaanza kulia: ti, ti, ti-ti, sauti nyembamba kama ya jiko la mkaa linalopoa. Hizo ni nyufa zinafunguka. Nikitaka nyufa kubwa nangoja zaidi, nikitaka ndogo namwahisha kwenye pipa. Maranda yanalipuka moto, anaongezewa gazeti juu yake, kifuniko kinashuka, mchanga unamwagwa pembeni kuziba moshi. Kimya. Baada ya robo saa au zaidi anatolewa, mweusi tii, anasuguliwa kwa sabuni na brashi ya waya laini, na uso unaanza kujitokeza kidogo kidogo chini ya masizi. Hapo ndipo ninapojua amekuwa nani.

Hizo nyufa zinatokana na nini? Na ule weusi?

Glezi na udongo havisinyai sawa. Vikipoa, glezi inataka kusinyaa kuliko udongo ulioishika, inakosa nafasi, inapasuka. Kwenye kikombe cha mezani hiyo ni kasoro. Kwenye raku tunaitafuta kwa makusudi, halafu moshi unaingia kwenye kila ufa na kuacha kaboni, ndiyo mistari myeusi. Sehemu ambazo sikupaka glezi hunywa moshi wote na kuwa nyeusi kabisa. Miguu ya marabu na kucha zake ni udongo mtupu uliolishwa moshi, hazikupakwa rangi yoyote.

Rangi ya shaba inayometameta kwenye mkoba nayo ni kazi ya pipa. Kwenye glezi ile kuna oksidi ya shaba. Ndani ya pipa lililofunikwa moto unakosa hewa, kwa hiyo unanyang'anya oksijeni kutoka kwenye oksidi, na inayobaki ni shaba tupu. Hewa ikipenya mapema inageuka kijani au buluu. Kwa sababu hiyo mikoba miwili haijawahi kulingana, na ukiniomba mkoba "kama ule wa kwenye picha" nitakujibu kwa upole kwamba haiwezekani.

Nimesikia raku ni ya Wajapani. Ndivyo wanavyofanya hivi?

Ni yao, lakini hivi sivyo wanavyofanya.

Raku ilianza Kyoto katika karne ya 16. Mfinyanzi aliyeitwa Chōjirō alitengeneza mabakuli ya chai kwa ajili ya Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe ya chai ya Kijapani aliyetaka chombo kisicho na mbwembwe. Mabakuli yalifinyangwa kwa mkono bila gurudumu, yakawa meusi au mekundu, mazito kidogo, mapole. Jina lilitokana na mhuri uliohusishwa na Jurakudai, kasri la mtawala Toyotomi Hideyoshi, na likawa jina la ukoo. Ukoo huo bado upo Kyoto, unafinyanga mpaka leo, na mkuu wake wa sasa ni wa kizazi cha 16. Bakuli jeusi hutolewa tanurini likiwa la moto, ndiyo, lakini linaachwa lipoe. Halitiwi kwenye maranda.

Kuna jambo moja hupenda kuwaambia wanaoniona nimeivunjia heshima raku kwa kuku na mbuzi: kazi ya zamani kabisa ya Chōjirō inayojulikana, yenye mwaka wa 1574 ulioandikwa juu yake, si bakuli. Ni sanamu ya simba.

Pipa la moshi lilikuja baadaye na kwingine. Mwingereza Bernard Leach alionja raku kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 1911, kwenye sherehe ambapo wageni walipewa vyombo wavipake rangi na kuvichoma palepale. Baadaye aliandika kuhusu mbinu hiyo, na maandishi yake yakamfikia Mmarekani Paul Soldner. Mwaka 1960, huko Claremont, California, Soldner alijaribu raku mbele ya watu, akaona vyombo vimetoka havina ladha, akavigaragaza kwenye majani makavu ya mti wa pilipili (ule mti mkubwa wa kivuli, si pilipili ya mboga) uliokuwa karibu. Majani yakawaka, moshi ukaingia. Hapo ndipo ilipotoka raku ya moshi ninayofanya mimi na wafinyanzi wengi duniani. Miti ya pilipili tunayo Nairobi pia. Majani yake yanafaa, ila yananuka, na majirani walishasema.

Kuna wengine wanaochekesha kwa udongo, au ni wewe tu?

Mimi nimekuja nyuma sana. Kule Southall, London, ndugu wanne wa ukoo wa Martin walifungua karakana mwishoni mwa miaka ya 1870, na mkubwa wao, Robert Wallace Martin, akawa anatengeneza mitungi yenye umbo la ndege, kichwa kikiwa ndicho kifuniko. Wale ndege wana nyuso za mawakili na wabunge, wanakutazama kwa jicho la pembeni kana kwamba unadaiwa. Hawakuchomwa kwa raku, glezi yao ni ya chumvi iliyotupwa tanurini wakati wa kuchoma, lakini kila ninapokwama kwenye jicho la marabu nawarudia hao.

Kisha yuko Robert Arneson, aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Davis, na kufariki 1992. Yeye aliufanya udongo ukejeli wakati ambapo watu wa sanaa walitaka uwe na adabu. Mwaka 1981 alitengeneza sanamu ya kichwa cha George Moscone, meya wa San Francisco aliyeuawa 1978. Kichwa kilikuwa kinacheka, na nguzo iliyokibeba ilikuwa na maandishi na matundu ya risasi; jiji likaikataa. Chuoni Davis ameacha vichwa vikubwa vyenye umbo la yai, na kimoja mbele ya maktaba kimelala pua kwenye kitabu. Wanafunzi hukigusa kabla ya mitihani kutafuta bahati. Mwanafunzi wake David Gilhooly alijenga ulimwengu mzima wa vyura, wenye miungu yao na vyakula vyao.

Ukiwatazama wote hawa utaona jambo lilelile nililosema kuhusu kuku: hakuna anayekonyeza jicho.

Sisi huku tuna kitu kinachofanana na raku?

Moshi na moto si wageni kwetu. Kina mama wafinyanzi katika sehemu nyingi za Afrika hukitoa chungu motoni kikiwa cha moto na kukimwagia au kukipiga kwa maji ya magome ya miti, ili kizibe vinyweleo na kipate rangi. Na chungu kilichofunikwa kwa majani mabichi au samadi wakati wa kuchomwa hutoka cheusi kwa sababu ileile ya pipa langu.

Anayenifundisha zaidi kuhusu weusi huo ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanyia kazi Uingereza. Alijifunza kwa wafinyanzi wanawake wa Abuja ya wakati huo (leo ni Suleja), Nigeria, miaka ya 1970. Vyombo vyake havina glezi kabisa. Vimesuguliwa mpaka vikang'aa, vikichomwa kwenye hewa vinakuwa vya rangi ya machungwa, vikinyimwa hewa vinakuwa vyeusi. Si kazi za kuchekesha. Lakini angalia shingo na tumbo la chombo kimoja, namna kinavyosimama, utajua anaongea na nani. Mkao tena.

Udongo unautoa wapi?

Si huu ulio chini ya miguu yetu. Udongo mweusi wa Nairobi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, waulize wanaojenga. Ninachanganya udongo mnato wa Mukurwe-ini, kule Nyeri, na kaolini, udongo mweupe laini, halafu naongeza chenga za vigae vilivyokwisha kuchomwa na kusagwa. Chenga hizo ndizo zinazouwezesha mwili kuvumilia kutoka nyuzi 1,000 hadi hewa ya jioni bila kugawanyika. Mwanzoni zinaukwaruza mkono, baadaye unazizoea.

Ni nyingi hupasuka?

Baadhi, kila mara. Kuta za sanamu naziacha unene wa milimita 6 hadi 10, na ndani iwe tupu yenye tundu la kupumulia. Panapopasuka ni pale nyembamba panapokutana na nene: mdomo wa marabu, mpini wa mkoba, masikio ya punda. Pia kuna quartz, madini yaliyomo kwenye udongo mwingi, ambayo kwenye nyuzi 573 hubadilika umbo na ukubwa kwa ghafla. Sanamu ya raku hulipita daraja hilo kwa kasi wakati wa kupanda na wakati wa kushuka.

Naweza kunywea chai, au kuweka maua?

Chai hapana. Mwili wa raku una vinyweleo, glezi yake ina nyufa, na baadhi ya madini yake si ya kuingia tumboni. Maua ya kukausha sawa. Maji yatavuja na kuharibu meza yako.

Nimwache kuku wangu bustanini?

Usimwache. Mvua inaingia ndani ya udongo, na ile shaba inayometameta ikikaa juani na kwenye unyevu inaanza kuvuta oksijeni tena, inarudi kuwa kijani au kahawia. Hata ndani ya nyumba itafifia baada ya miaka. Mpanguse vumbi kwa kitambaa kikavu.

Nataka kujaribu nyumbani. Nianzeje?

Anza na mtu anayejua, na uanze nje, mbali na ukuta, na siku isiyo na upepo. Vaa pamba, nguo ya poliesta huyeyukia kwenye ngozi. Viatu vilivyofunika mguu wote, glavu ndefu za ngozi, miwani ya kukinga macho, nywele zifungwe. Ndoo za maji na mchanga ziwe karibu kabla hujawasha, si baadaye. Mtungi wa gesi usimame wima mbali na tanuri.

Pipa la moshi usichukue la mabati yenye zinki, kwa kuwa zinki ikipata moto hutoa moshi wa sumu, wala lile lililowahi kubeba kemikali. Usifunue pipa mapema ukaingiza uso: hewa ikiingia ghafla moto hulipuka juu. Moshi ule una monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu na inayoua, ndiyo maana hakuna raku ya gereji iliyofungwa wala ya roshani ya ghorofa. Ukikata blanketi la nyuzi au kuchanganya unga wa glezi vaa barakoa ya vumbi laini. Vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye udongo na glezi, huua mapafu polepole na wala haliwashi.

Watoto wanakaribishwa kufinyanga. Kwenye kuchoma wanakaa nyuma ya kamba pamoja na wazazi wao.

Unaweza kunitengenezea bosi wangu?

Sura ya mtu sichongi. Mnyama, ndiyo. Usinitumie picha, niambie anakaaje mkutanoni, anashikaje simu, anatembeaje akijua anatazamwa. Mteja mmoja aliniagizia shemeji yake. Alitoka kiboko aliyelala kwenye kochi, rimoti tumboni. Aliyekuja kuichukua ni huyohuyo shemeji, akaitazama sana, akasema, "Aisee, huyu ni kaka yangu mtupu," akalipa akaondoka.

Mbona bei hazilingani?

Kwa sababu kuku wa sentimita 15 na marabu wa sentimita 40 hawali gesi sawa wala hawapasuki sawa. Bei ya marabu imebeba pia wenzake waliobaki kwenye pipa. Zenye ufa uliopita mpaka ndani nauza kwa bei ya chini na ufa nauonyesha kabla hujalipa.

Mnatuma nje ya Nairobi?

Tunatuma. Kila sanamu inafungwa kwenye boksi ndani ya boksi, maranda katikati, yaleyale ya karakana, kwa hiyo usishangae harufu. Ukifungua usimnyanyue kwa mdomo, sikio wala mkoba. Mshike tumboni kwa mikono miwili, mweke mahali tambarare, na boksi usilitupe mpaka uhakikishe hakuna kucha iliyobaki ndani.